Leo Alikutaja

Mlinifanyia chai ya kuniaga, mkaniletea na saa ya ukutani, kana kwamba mtu aliyestaafu ana haja ya kujua ni saa ngapi. Ahsanteni, nimeitundika. Kisha yule binti mcheshi wa darasa la wadogo akanishika mkono, akaniomba niwaandikie siri za kazi. Nikamjibu kuwa kazi ya kulea watoto wa watu haina siri, ina wivu. Mkacheka nyote, mkaongeza chai. Mlidhani natania.

Sasa nimekaa hapa kwangu Nguvumali, miguu nimeinyoosha, naandika. Vyeo sitaviandika. Mshahara ni uleule mnaoulalamikia ninyi, basi nao tuuache. Nitaanza kule nilikoanzia, miaka ya hamsini, kwenye shamba la mkonge nje kidogo ya mji, wakati neno chekechea halijazoeleka na sisi tukiitwa yaya, tupende tusipende.

Nilikuwa mwanamke wa ishirini na kitu, mzaliwa wa Tanga mjini. Mume wangu alikuwa fundi wa mitambo pale korona, ndicho kiwanda cha kukamulia mkonge. Nilikuwa nimeolewa miaka kadhaa na sijashika mimba. Hili nalisema mapema ili msilitafute huko mbele, maana najua mtalitafuta.

Wakata mkonge walikuwa watu wa mbali, vibarua wa mkataba tuliowaita manamba, wa Songea, Kigoma na Iringa, na wake zao walipewa kazi ya kuanika nyuzi. Watoto wakawa wanashinda chini ya waya za kuanikia, juani, katikati ya vumbi la nyuzi. Mke wa meneja akaona haipendezi. Akaomba ghala moja la kamba, likapakwa chokaa, likaitwa Nyumba ya Watoto. Chokaa ilifunika kuta, lakini harufu ya mkonge haifunikwi na kitu. Ninyi mliowahi kupita karibu na korona mnaijua, na ambaye hajapita ashukuru.

Siku ya kwanza nilivaa kanga mpya, mjinga mimi. Nikamkuta mkubwa wa nyumba ile, Bi Hadia, mama wa Tongoni, mfupi, mdomo mwekundu wa tambuu.

"Shikamoo, Bi Hadia."

"Marahaba, mwanangu. Wajua kuosha kopo?"

Nikasema najua. Nani asiyejua kuosha kopo?

"Hujui," akasema, akanipa karai.

Kweli sikujua. Kila mtoto alikuwa na kopo lake la bati, na kwenye mkono wa kopo kulifungwa kitambaa kilichochanwa kwenye kanga ya mama yake. Watoto wale hawajui kusoma, lakini kanga ya mama wanaijua toka mgongoni. Ukiosha unafungua kitambaa, unakifua, unakirudisha kwenye kopo lake. Ukikosea, ukamfungia mtoto kitambaa cha mama wa mwenzie, hanywi. Analisukuma kopo, anakutazama kama mwizi. Nilikosea siku ile, na Bi Hadia aliniacha nihangaike na watoto wenye njaa mpaka nikajifunza. Wivu wangu ulianzia hapo hapo kwenye karai. Uji nimeukoroga mimi, moshi umeniingia machoni mimi, lakini mtoto anaunywa kwa ruhusa ya kitambaa cha mamaye.

Kuhusu uji wenyewe: maziwa ya unga msiyatie kwenye maji ya moto, yanafanya madonge. Yavurugeni kwanza kwa maji baridi kidogo. Nimewaona mnavyofanya, nilinyamaza tu.

Bi Hadia alikuwa na makosa yake. Aliamini mtoto akinyolewa Jumatano anakuwa mkaidi, na hakuna aliyeweza kumtoa hapo. Lakini alikuwa na desturi mbili ambazo nimezibeba kazini maisha yangu yote. Ya kwanza, mama asimtoroke mtoto asubuhi. Aage, mtoto alie, yaishe. Ya pili ilikuwa ya jioni, na hiyo ndiyo iliyonitia matatani.

Jioni king'ora kikilia, kina mama walikuja mlangoni na nyuzi nywelani, mikono imechubuka, migongo haisimami. Bi Hadia alimkabidhi kila mmoja mtoto wake kwa maneno matatu, hayabadiliki: "Amekula, amelala, na leo alikutaja." Basi uone mama anavyobadilika! Mwanamke aliyekuja anajikokota anainama, anamwinua mtoto juu kana kwamba ndiyo kwanza kunakucha.

Nikamuuliza jioni ile ya kwanza, "Bi Hadia, yule wa mwisho hakumtaja mtu. Ameshinda akifukuza kuku."

"Nani kakuuliza?"

"Lakini si uongo huo?"

"Mwenzio kashinda juani, Saumu. Wataka akifika hapa umwambie mwanawe kamsahau?" Akatema tambuu yake. "Sema alikutaja. Hupungukiwi na kitu."

Nikalishika neno lile, nikalisema kama wengine. Halikunipunguzia kitu, mpaka alipokuja Vero.

Jina lake Veronika. Aliletwa mgongoni kwa mamaye akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama Vero alikuwa Mngoni wa Songea, mrefu, mkimya, na tasbihi yake ya kanisani shingoni. Alinikabidhi mtoto bila kunitazama usoni, akachana kitambaa cha kopo kwa meno, akaenda kazini. Mtoto akalia mpaka akachoka, akalala mapajani mwangu. Akawa wangu wa kumtazama, ndivyo tulivyogawana.

Nimetazama watoto wengi tangu hapo, lakini kwa Vero ndiko nilikojifunza jinsi mtoto anavyogundua kuwa watu wengine nao wana mioyo. Hawazaliwi wakilijua hilo. Alipokuwa mdogo alikuwa akijificha kwa kuingiza kichwa chini ya mkeka. Makalio yako juu, miguu inacheza, naye anapiga kelele, "Sipo!" Kwake yeye, akiwa hakuoni, nawe humwoni. Wote wanapita hapo, msiwacheke sana.

Alipofika miaka mitatu hivi, kulitokea jambo. Mwezi ule nilikuwa na matumaini yangu, nimeyanyamazia, sijamwambia hata mume wangu, kisha yakaisha kama yalivyozoea kuisha. Nikakaa karibu na mafiga, machozi yananitoka. Vero akaja, akasimama, akanitazama kwa muda. Akaenda kwenye kopo lake, akakivuta kitambaa mpaka kikafunguka, kile alichozoea kukinyonya akisinzia, akaja akanibandika nacho shavuni. Kilichompoza yeye alidhani kitanipoza na mimi. Kitambaa cha mamaye! Katika vitu vyote vya dunia hii, akaniletea hicho. Nikalia zaidi, naye akaenda kucheza, maana kwake kazi ilikuwa imekwisha.

Tangu siku ile nilimpenda kupita haki yangu. Nilimpakata wakati wa uji, nilimsuka mimi, nilimwimbia mimi. Na lile neno la jioni likanigoma. Kwa mama wengine wote nililisema. Akija Mama Vero nilisema, "Amekula, amelala," nikanyamaza. La tatu halikutoka. Kwa nini nimpe? Yeye ana mtoto, anaondoka naye, mimi naondoka na masizi ya sufuria. Alikuwa akisimama kidogo mlangoni, kama mtu aliyesahau kitu, kwa sababu aliwasikia wenzake wakiambiwa. Kisha anamchukua mtoto na kuondoka. Nilimwona anavyosimama. Nilijua anangoja nini.

Hii si toba. Mnaotaka toba nendeni kwa maimamu na mapadri, mimi naandika mambo ya kazi.

Basi jioni moja Mama Vero kaja, kanyoosha mikono, na mtoto kaning'ang'ania shingoni. "Sitaki mama! Nataka Bi Saumu! Mama mbaya!" Mbele ya kina mama wote. Mamaye akamvuta, mtoto akapiga mateke, akanishika nywele. Niseme ukweli? Nilisikia raha. Raha ile sikuipata hata siku ya harusi yangu. Nilijitahidi kukunja uso, sijui kama uso ulinitii.

Mama Vero akaacha kuvuta. Akaniuliza taratibu, "Umemlisha nini mwanangu?"

Pwani yetu hii swali hilo si la mchezo. Ni kumwita mtu mchawi.

"Uji," nikasema. "Uleule waliokula wenzake."

"Mtoto hawezi kumkataa mama yake kwa uji."

"Basi muulize mwenyewe."

"Nikuulize wewe! Wewe unajua nini? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi."

Alijua pa kupiga. Kambi nzima ilijua sijazaa. Nikasikia masikio yamepata moto. "Na kulea mimba si kazi," nikamrudishia, "kazi kulea mwana!"

Wanawake wakaguna, mmoja akasema "Yarabi!" na Bi Hadia akaja akaniondoa pale kwa kiwiko. Vero alikuwa katikati yetu, kamasi zinamtoka, anamtazama huyu, anamtazama yule. Haya aliyasababisha yeye, na hakuwa na habari. Alisema alichokitaka, basi. Kwamba neno lile limeingia kwa mamaye na kumchoma, hilo hakulijua kabisa.

Asubuhi yake Mama Vero alikuja mapema. Hakupiga kelele. Alisema shemeji yake anamaliza mkataba, mwisho wa mwezi anarudi Songea. "Mtoto akinikataa tena jioni, anaondoka na baba yake mdogo. Akalelewe na bibi yake."

"Utakaa bila mwanao?" nikamuuliza.

"Bora nimkose kwa mama yangu kuliko nimkose kwako."

Akamuaga mtoto kama desturi ilivyotaka, akaenda kuanika nyuzi. Songea ya wakati ule ilikuwa mbali kuliko Uarabuni. Unapanda basi, lori, tena lori, na ukifika umesahauliwa. Nilimtazama Vero amechuchumaa anachora udongoni kwa kijiti, nikaona wazi kuwa mwisho wa mwezi hatakuwapo. Tungemkosa wote wawili, mimi na mamaye, kwa ajili ya kilio cha jioni moja.

Nikaanza kumfundisha. Nilimweka mapajani, nikamwambia, "Vero, ukimkataa mama jioni, mama anaumia."

"Wapi?"

"Moyoni."

Akafikiri. Akainua gauni, akanionyesha goti. "Mimi niliumia hapa."

"Eeh, pole. Na mama anaumia ndani, hapa, ukisema humtaki."

"Lakini simtaki," akasema, hana hata kinyongo. "Nakutaka wewe."

Mwenye moyo wa jiwe angevumilia. Nikambusu, somo likaishia hapo. Kesho yake nikarudia, yakawa yaleyale. Nikaenda kwa Bi Hadia nikamwambia mtoto huyu ni mkaidi, au alinyolewa Jumatano.

"Si mkaidi, hajafika," akasema. "Njoo uone."

Alikuwapo mtoto mmoja rika lake, Asumani, rafiki wa Vero wa kupigana na kupatana. Asubuhi ile Asumani alikuwa ameficha kipande chake cha muwa chini ya mkeka, akatoka nje kujisaidia. Bi Hadia akakitoa, Vero anaona, akakitia kapuni, akalifunika.

"Vero, Asumani akirudi atautafuta wapi muwa wake?"

"Kapuni."

"Yeye ameniona nikiutia kapuni?"

"Hapana."

"Basi atautafuta wapi?"

"Kapuni!" Alimjibu Bi Hadia kama mtu anayemjibu mjinga. Muwa si uko kapuni?

Asumani akarudi, akaenda moja kwa moja kuinua mkeka. Hakuna kitu. Akaangua kilio. Na Vero, ebo, akamkasirikia! "Si uko kapuni!" Alishangaa kabisa jinsi mwenziwe alivyo mpumbavu.

"Umeona?" Bi Hadia akaniambia, huku akimpa Asumani muwa wake. "Analolijua yeye, anadhani dunia nzima yalijua. Kichwa cha Asumani hajui kama kina mambo yake. Sasa wataka ajue yaliyomo kifuani kwa mamaye? Huwezi kumfundisha mtoto kuota meno, Saumu. Yataota."

"Yataota lini? Mama Vero anangoja mwisho wa mwezi tu."

"Basi katika ninyi watatu, asiyejua moyo wa mwenziwe ni mmoja, na huyo ana udhuru, ni mtoto. Ninyi wawili mwajuana vizuri mno." Akanitazama. "Wewe wajua mwenzio angoja nini pale mlangoni. Nimekuona."

Nikainama kuunyoosha mkeka.

"Kuanzia leo, king'ora kikilia, wewe uko uani na makopo. Mtoto asikuone. Asiyekuona hakushiki."

Nilisema sitaki. Nilisema mimi ndiye ninayemlea, nimkabidhi mimi. Nilisema mengi, mengine siyaandiki hapa. Bi Hadia akatafuna tambuu yake mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Chagua. Makopo au Songea."

Nikachagua makopo.

Jioni ya kwanza nilikaa uani, karai mbele yangu, ukuta wa ghala mgongoni. King'ora kikalia. Nikasikia miguu ya kina mama, sauti, vicheko. Nikasikia Vero akiniita, "Bi Saumu? Bi Saumu yuko wapi?" Nikabana midomo. Bi Hadia akasema Bi Saumu ana kazi. Mtoto akaita tena mara moja, kisha akasahau, wanavyosahau wote katika umri ule. Halafu nikamsikia Bi Hadia, kwa sauti yake ya kila siku: "Amekula, amelala, na leo alikutaja."

"Kweli?" Ilikuwa sauti ya Mama Vero. Sikuwahi kuisikia hivyo.

"Mama Vero, mimi mtu mzima, nikudanganye nipate nini?"

Na yule mwanamke akacheka! Kicheko kidogo, cha mtu asiyezoea. Nililisugua kopo nililoshika kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikauma. Makopo ya shamba lile hayajapata kung'aa kama mwaka ule, na mke wa meneja alinisifu kwa usafi. Laiti angejua.

Mwisho wa mwezi ukafika, yule shemeji akapanda lori peke yake. Vero akabaki. Mimi nikabaki uani. Mchana kutwa alikuwa wangu, jioni nilimpoteza kwa kusikia tu, kama mtu anayesikiliza ngoma ya arusi asiyoalikwa. Nilitazamia nizoee. Wivu hauzoeleki, nawaambieni mapema, ninyi mnaodhani mkikaa kazini muda mrefu mtaota sugu.

Mvua za masika zikapita, na vuli. Vero akarefuka, gauni likawa fupi. Siku moja niko jikoni na mwiko, namwona anachukua kopo la Asumani msumarini, analificha nyuma ya mtungi. Kisha akaja akasimama karibu yangu, anautazama ule msumari mtupu, kiganja kimeziba mdomo, mwili wote unatetemeka kwa kicheko.

"Unafanya nini wewe?"

"Shh! Usimwambie! Atakuja kulitafuta pale," akanionyesha msumari. "Hajui!"

Hajui. Nikasimama na mwiko wangu, uji ukaungua. Mwaka mmoja nyuma dunia nzima ilikuwa inayajua yaliyomo kichwani mwake. Sasa amegundua kwamba Asumani ana kichwa chake, na ndani yake kopo bado liko msumarini. Nikamwita Bi Hadia. Alikuja, akatazama, akasema, "Alhamdulillahi. Meno yameota." Asumani naye akaja, akakuta msumari mtupu, akalia. Ya Asumani yalichelewa kidogo.

Baada ya hapo ukaja uongo, nao msiuogope. Vero alikula sukari ya Bi Hadia, akasema ni paka, na sukari bado iko kidevuni. Mtoto anayedanganya mara ya kwanza msimkimbilie na fimbo. Amegundua kwamba asilokuonyesha hulijui, na hilo ni jambo kubwa kuliko kuhesabu mpaka kumi. Mfuteni kidevu kwanza.

Kisha akaanza kusoma nyuso. Na hapa ndipo aliponiumiza tena, bila kukusudia. Asubuhi mamaye akimuaga, Vero alilia. Kilio kidogo, cha adabu, cha kumfuata mama mpaka kwenye kona ya ghala. Mama Vero aligeuka mara mbilimbili, anapunga mkono, uso umejaa. Akishapinda tu kona, mtoto anajifuta machozi kwa mgongo wa mkono, anaingia ndani kudai uji. Nilimwona mara nyingi. Alikuwa ameelewa kuwa mama anafurahi akililiwa, basi anampa. Nani aliyemfundisha? Hakuna. Na mimi, je? Mimi hakuwahi kunililia, kwa kuwa mimi nilikuwapo tu siku zote, kama mtungi.

Bi Hadia aliniambia, "Sasa waweza kurudi mlangoni. Mtoto kashajua." Nikamjibu nimezoea makopo. Alijua nasema uongo, na hakunifuta kidevu.

Ikaja siku ya mwisho. Jumatatu yake Vero angeanza shule ya misheni, gauni la shule limeshonwa, mamaye amemnyoa kichwa safi. Sikumbuki ilikuwa siku gani. Bi Hadia angeikumbuka, na tuombe haikuwa Jumatano. Nilikuwa naye tangu king'ora cha asubuhi. Alicheza, akala, akalala, akaamka, akagombana na Asumani. Jina la mama yake halikupita mdomoni mwake mchana ule hata mara moja. Nililisikilizia. Mnajua nilivyokuwa nasikilizia.

Jioni nikaenda uani na karai langu. Kopo lake niliacha la mwisho. Nikakifungua kile kitambaa, kimechakaa, rangi imekwisha, nikakifua taratibu. Nikasikia miguu. Vero akaja akachuchumaa upande wa pili wa karai, akanitazama usoni kwa muda, vilevile alivyonitazama zamani pale mafigani. Safari hii hakunibandika kitambaa.

"Bi Saumu, umenuna?"

"Sijanuna. Moshi."

Moto ulikuwa umezimwa tangu adhuhuri, na yeye alijua. Akachukua kopo moja, akaanza kulifuta kwa pindo la gauni lake. Kisha akasema, macho kwenye kopo, "Mimi jana nyumbani nilikutaja."

Mkono wangu ukasimama majini.

"Ulinitaja?"

"Nilikutaja. Kwa sauti. Mama alisikia, muulize."

King'ora kikalia. Bi Hadia akachungulia, akatuona tumeinamiana pale, akaniambia, "Toka huko, Saumu. Huyu mkabidhi mwenyewe." Nikajifuta mikono, nikatoka mlangoni kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, mkono wa Vero umo mkononi mwangu. Mama Vero alikuwa amesimama na nyuzi nywelani, ametuona, ameshakaza uso.

Mtoto akaniachia mkono, akamkimbilia, akamkumbatia miguu. "Mama! Leo nilikutaja! Kwa sauti. Bi Saumu alisikia, muulize!"

Maneno yaleyale. Mama Vero akainua macho akanitazama, nami nikamtazama. La mchana nalijua mimi. La usiku analijua yeye. Na mtoto wa miaka mitano alikuwa ameshatupima, akajua kwa yakini kuwa hatutaulizana kamwe.

"Amekula," nikasema. "Amelala." Nikajifuta tena mikono iliyokwisha kukauka. "Na leo alikutaja. Sana."

Uso wa yule mwanamke ukalegea wote. Akainama, akamwinua mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia, akamweka kiunoni. Akanitazama tena. Nami nikasimama pale mlangoni, nangoja. Sikuondoka, sikuinama kuokota kitu. Nilisimama kama yeye alivyokuwa akisimama zamani, kama mtu aliyesahau kitu. Neno moja tu. Kweli au uongo, lolote, ningelipokea.

"Ahsante, bibie," akasema. Akageuka, akaondoka zake na mwanawe.

Alijua ninachongoja. Wallahi alijua, nilimwona macho yake. Na mimi ningekuwa yeye, nami nisingelitoa.